Barua kwa mwanangu: Bakari asiwe meneja

Mwanangu Salma,

Umeniuliza kama umpe Bakari umeneja wa mauzo, maana peke yake ameleta karibu nusu ya maduka ya dawa yanayolipia mfumo wenu wa kompyuta, na ameanza kusema wapinzani wanamwita.

Usimpe. Mwongezee pesa. Kuuza ni kazi, kuongoza wauzaji ni kazi nyingine. Wachumi wa Marekani walichapisha utafiti mwaka 2019 kuhusu wauzaji wa kampuni nyingi: kadiri meneja alivyokuwa kinara wa mauzo kabla ya kupandishwa, ndivyo walio chini yake walivyofanya vibaya. Mimi niliyezunguka Kariakoo na mabegi ya sampuli sikushangaa. Muuzaji hodari hana subira ya kumtazama kijana akihangaika na mteja. Atampokonya simu amalizie mwenyewe. Mauzo yatapatikana, kijana atabaki vilevile.

Bakari anataka heshima na fedha. Mkabidhi wateja wenye matawi mengi, na kamisheni isiyo na kikomo. Akipokea kukuzidi wewe mwenye kampuni, usinune. (Baba yako angebisha hapa.)

Ila kamisheni yenyewe irekebishe. Mnauza huduma ya kulipia kila mwezi, halafu wewe unamlipa yote siku mteja anaposaini! Ndiyo maana anaahidi kwamba wiki ijayo mfumo utaungana na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, wakati mafundi hawajagusa kitu. Mpe sehemu mteja akisaini, iliyobaki mteja akishalipia mwezi wa tatu.

Kinachonitia hofu ni kwamba wateja wote wamo kwenye simu yake. Kila mmoja atambulishwe kwa mtu wa pili hapo ofisini, kuanzia sasa. Na maneno anayouzia yaandikwe. John Patterson, aliyeuza mashine za fedha za madukani kule Dayton, Marekani, alifanya hivyo mwaka 1887: maelezo ya muuzaji wake bora yaligeuzwa kijitabu, na wauzaji wote wakatakiwa kukikariri. Kukariri sipendi. Lakini majibu ya Bakari kwa mfamasia anayesema daftari linamtosha, hayo yanafaa kila muuzaji mgeni ayasome.

Umeneja mjaribu Neema. Mauzo yake ya wastani, lakini umeniambia mwenyewe wageni wote hukimbilia meza yake. Mpe wageni wawili kwa miezi mitatu, utazame mauzo yao, si yake.

Jumapili njoo na karatasi za kamisheni tupige hesabu.

Mama