Mtoto anayekumbatia kila mtu: jibu kwa dada aliyeko Uholanzi

Dada, nimesoma uzi wako wote pamoja na majibu, na nitajibu kwa urefu kwa sababu baadhi ya ushauri uliotolewa humu unaweza kumuumiza mtoto. Kwa waliochelewa: dada huyu na mumewe Mholanzi waliishi Arusha, wakamlea na hatimaye kumwasili mvulana aliyekulia kituo cha watoto. Sasa ana miaka minne na nusu, na miezi minne iliyopita wamehamia Uholanzi. Mtoto akiona mgeni humrukia na kumkumbatia, dukani humfuata mtu asiyemjua, akianguka halii, mkate anauficha chini ya mto, na usiku huamka akakaa kimya gizani. Wa kwanza kujibu kasema huyo ni mtoto mchangamfu, mshukuru Mungu. Wa pili kasema fimbo. Wa tatu kasema apelekwe shule haraka azoee wenzake. Sikubaliani na hata mmoja.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, muuguzi, naishi Minnesota, Marekani. Mimi na mume wangu tulimwasili binti yetu kutoka Ethiopia miaka kadhaa kabla nchi hiyo haijapiga marufuku watoto wake kuasiliwa na wageni mwaka 2018. Alikuwa na miaka mitatu hivi. Nasema hivi kwa sababu tarehe ya kuzaliwa iliyokuwa kwenye karatasi ilikuwa ya kukadiria. Leo ni msichana wa sekondari mwenye maoni kuhusu kila kitu, pamoja na upishi wangu.

Nianze na hilo la kukumbatia, maana ndilo linalowapotosha wengi. Nenda kituo chochote chenye watoto wengi na walezi wachache, hata kilicho safi na chenye watu wema. Mgeni akishuka tu kwenye gari, watoto wanamvamia, wananyanyua mikono wabebwe. Wageni hutokwa na machozi, wanasema watoto hawa wana upendo wa ajabu. Sasa mtazame mtoto wa miaka miwili aliyelelewa na mama au nyanya yake: akiona mgeni anajificha nyuma ya leso (kanga) ya mamake, anachungulia, kisha anamtazama mamake usoni kujua kama huyu mtu ni wa kuaminiwa. Kuona haya huko ni dalili njema. Mtoto wa kituoni hana uso wa kuutazama. Mlezi wa asubuhi anaondoka, wa mchana anaingia, wa usiku ana chumba kizima peke yake. Huyu kaolewa kaacha kazi, yule kapata kwingine kunakolipa. Mtoto anajifunza kwamba aliye karibu sasa hivi ndiye wa kushikwa, na tabasamu ndilo linaloleta pipi.

Binti yetu siku za mwanzo alinishika mkono vizuri tukiingia dukani. Tukiwa kwenye foleni akauachia, akashika wa mama mmoja Mzungu aliyekuwa mbele yetu, wakaanza kuelekea mlangoni pamoja. Hakugeuka nyuma. Yule mama aliona haya kuliko mimi.

Jambo hili limechunguzwa sana kwa watoto wa Romania. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, dunia ikaona vituo vilivyojaa zaidi ya watoto laki moja, matokeo ya umaskini na ya sheria ya 1966 iliyobana utoaji mimba. Wengi wakaasiliwa Ulaya na Amerika. Michael Rutter, daktari wa akili za watoto, na wenzake, London, wakawafuatilia waliofika Uingereza tangu utotoni mpaka utu uzima. Waliotolewa kituoni kabla ya kutimiza miezi sita, wengi wao walikua kama watoto wengine tu. Kati ya waliokaa zaidi ya hapo, wengi walibaki na shida ya kutulia na ya kusoma hisia za watu, na tabia hiyo ya kumwendea kila mtu iliwaganda hata katika nyumba zenye wazazi wazuri kabisa. Kwa hiyo ukimwona mwanao bado anamkumbatia msambazaji wa barua, usidhani umeshindwa kumpenda. Lakini takriban mmoja kati ya watano wa kundi hilo hilo la waliokaa muda mrefu alifika utu uzima bila tatizo la maana. Nawataja kwa makusudi, maana mtu akisoma habari za Romania usiku peke yake huenda kulala amekata tamaa. Tena kule watoto walikuwa wakilazwa vitandani kutwa nzima, hawaongeleshwi. Kituo cha mwanao, kwa ulivyokieleza, kilikuwa na nyimbo na uwanja wa kuchezea, na wewe umekuwa naye tangu Arusha.

Umeuliza pia: mbona sisi tulilelewa na nyanya, shangazi na majirani, na tuko sawa? Jibu lake liko karibu na kwetu kuliko unavyodhani. Mary Ainsworth, ambaye jina lake utalikuta katika kila kitabu kinachozungumzia mtoto kushikamana na mzazi, alianzia kazi hiyo Uganda. Mwaka 1954 alikuwa Kampala na mumewe, akawa anazitembelea familia 26 za Waganda vijijini, akiangalia jinsi mtoto mchanga anavyotambaa kwenda mbali, kisha anarudi kumgusa mama, kisha anaondoka tena. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka 1967. Waganda wale walikuwa na mashangazi na majirani kama sisi. Mikono mingi haimdhuru mtoto, mradi ni ile ile leo, kesho na mtondo. Mwanao amepita kwenye mikono mingi iliyotoweka, na sasa ametolewa Arusha akaletwa mahali ambapo hata harufu ya asubuhi ni ngeni. Kwake hiyo ni mara nyingine tena ya watu kutoweka. Ndiyo maana mambo yamezidi baada ya kuhama, wakati nyinyi mlidhani yataisha.

Kwa hiyo nakushauri jambo litakalowaudhi watu wa kwenu na wa mumeo pia: kwa miezi kadhaa, punguza mikono. Kulishwa, kuogeshwa, kuvishwa, kufutwa machozi, hata zawadi, vipitie kwako na kwa mumeo tu. Wengine wacheze naye, wamchekeshe, lakini akinyanyua mikono abebwe wamwambie "nenda kwa mama." Sisi tulikuwa na Wakenya wenzetu wa Minneapolis, ambao hawajui kumwona mtoto wasimbebe. Mume wangu alikuwa anasimama mlangoni kama askari wa kivuko cha Likoni kule Mombasa, anawaeleza masharti kabla hawajavua viatu. Wapo walionuna. Mama mmoja alisema tumejifanya Wazungu. Baadaye alitulia, na leo ndiye shangazi anayependwa kuliko wote.

Na mbebe. Najua miaka minne na nusu ni mkubwa, na wangu pia alikuwa mkubwa. Nilimfunga leso mgongoni ndani ya nyumba nikipika, nikiosha vyombo, nikiongea na simu. Mwanzo alikaa mkakamavu, mikono kaikunja katikati ya kifua chake na mgongo wangu, kama anayejizuia asiniguse. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu siku moja nasonga ugali nikahisi shavu limelala begani, zito, na pumzi imebadilika. Ugali ule uliungua chini na tuliula hivyo hivyo.

Mkate chini ya mto usiugombanie. Weka chakula mahali anapofikia mwenyewe, mchana na usiku, na akuone ukikiongeza. Sisi tulikuwa na boksi la ndizi na biskuti kwenye rafu ya chini jikoni. Alikuwa analiendea, anafungua, anaangalia, anafunga, anaondoka bila kula. Alikuwa anakagua. Mlishe pia kwa mkono wako. Waethiopia wana desturi ya gursha, tonge unalomtia mwenzio mdomoni kwa mapenzi, na pwani nasi tunajua tonge la mama, kwa hiyo hapo mimi na binti yangu tulielewana kabla hatujawa na lugha.

Kutolia kusikupendeze. Mtoto aliyelia bila mtu kuja huacha kulia. Akianguka, mwendee hata kama hajakuita: piga magoti, "pole, umeumia, hebu nione," puliza, bandika plasta hata pasipo na kidonda. Ipo siku ataanza kulia kwa sauti kwa kitu kidogo, na atakung'ang'ania mpaka mlango wa choo. Watu watasema umemharibu. Wangu alipofika hapo nilimpigia mamangu simu Mombasa nikamsikilizisha zile kelele, akapiga kigelegele.

Usiku mlaze chumbani kwenu au godoro lake liwe kando ya kitanda chenu. Hapa Chuo Kikuu cha Minnesota, Megan Gunnar na wenzake walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate ya watoto waliotoka vituo vya Romania. Waliokuwa wamekaa kituoni zaidi ya miezi minane walikuwa bado na viwango vya juu zaidi ya miaka sita baada ya kuasiliwa. Kichwa kinaweza kujua kwamba hapa ni salama, mwili ukabaki macho. Kumwambia "usiogope" saa tisa za usiku hakufikii huko. Mkono mgongoni unafika.

Kwa aliyeshauri fimbo: kwanza Uholanzi sheria inakataza kumpiga mtoto tangu 2007. Pili, mtoto huyu anajaribu kuamua kama mtu mzima ni mahali pa kukimbilia au pa kukimbiwa, na fimbo itamwamulia. Dada, jihadhari vilevile na wanaojiita wataalamu wa kumkandamiza mtoto kwa nguvu mpaka "akubali" mzazi. Mwaka 2000 huko Colorado, mtoto wa kuasiliwa wa miaka 10 alifariki kwa kukosa hewa, amefungwa kwenye mashuka, katika tiba ya namna hiyo. Akitokea mtu wa kukwambia umbane mtoto au umnyime chakula ili akupende, toka.

Shule. Mdogo wangu yuko Rotterdam, ameniambia watoto wengi huko huanza shule siku wanapotimiza miaka minne, ndiyo maana majirani wanakushangaa. Lakini sheria inamlazimu mtoto kuanzia miaka mitano. Tumia hiyo miezi yote iliyobaki. Darasa lenye walimu wawili wanaopokezana siku za wiki, ambalo kwa watoto wengine ni raha, kwake ni kituo kingine. Ukianza, omba aanze kwa nusu siku, na umwachie kitu chako mfukoni. Wangu alikuwa na kipande cha leso niliyombebea.

Mumeo anataka Kiholanzi kitupu nyumbani. Mwambie Kiholanzi kitakuja chenyewe, kitajaa nyumba hamtajua pa kukiweka, lakini Kiswahili kikiondoka ni kigumu kukirudisha. Binti yetu alikipoteza Kiamhari upesi ajabu, na Minnesota ina Waethiopia tele. Watafiti Ufaransa walitoa ripoti mwaka 2003 kuhusu watu wazima walioasiliwa utotoni kutoka Korea: hawakuweza kukitofautisha Kikorea na lugha wasizozijua. Wenzao wa Montreal, Kanada, mwaka 2014, wakaona kwamba ubongo wa wasichana walioasiliwa wachanga kutoka China bado uliitikia sauti za Kichina ingawa wenyewe hawakielewi kabisa. Wewe una bahati ambayo wengi wetu hatukuwa nayo: unaongea lugha aliyolilia nayo. Mwimbie kwa hiyo. Mpigie simu yule mlezi wa Arusha uliyesema alimpenda, amwone kwenye video, hatakuchukulia mtoto. Anayejua kwamba mtu mmoja wa zamani bado yupo hupata imani kidogo kwamba na nyinyi mtakuwepo.

Jambo la haraka kuliko yote niliyosema: mpeleke kwa daktari apimwe kikamilifu, si kuangaliwa koo tu. Minyoo na vimelea vya tumbo, damu na madini ya chuma, kifua kikuu, homa ya ini aina ya B, masikio, macho. Upungufu wa madini ya chuma peke yake unaweza kumfanya mtoto akose usingizi na utulivu, na mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi.

Kuhusu mama mkwe anayetaka alale kwake wikendi: kwa sasa hapana. Aje yeye kwenu, siku ile ile kila wiki, saa ile ile, alete kitabu kile kile, na aondoke baada ya kuaga vizuri, asitoroke mtoto akiwa amegeuka. Akikasirika, usihangaike kumwelewesha wewe. Hiyo ni kazi ya mumeo, tena kwa Kiholanzi chake kitupu.