Wasifu wa diwani wetu niliuandika mimi, na neno "cherehani" likafutwa

Mleta mada anauliza mtu wa darasa la saba, fundi cherehani, anafikaje kuwa diwani, na kama wasifu wanaogawa wakati wa kampeni una ukweli wowote. Nitamjibu kwa habari za mtu mmoja ninayemjua, maana wasifu wake wa 2020 niliuandika kwa mkono wangu.

Upande wa sheria hakuna maajabu. Uwe umefika miaka 21, uwe mkazi wa eneo la halmashauri, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe na shughuli halali ya kukuingizia riziki. Cheti cha kidato cha nne hakimo. Halafu uwe mwanachama uliyedhaminiwa na chama, kwa sababu kwetu Tanzania mgombea binafsi hakuna. Hapo kwenye kudhaminiwa ndipo wengi wanapokwama.

Mama huyu alikuwa anashona sare za shule barazani kwake. Alikuwa na kauntabuku lenye jalada lililolainika kwa kushikwa: jina la mtoto, kiuno, urefu wa sketi, jina la mzazi, kilicholipwa, kilichobaki. Kila Januari nusu ya mtaa ilipita pale. Basi akajua nani amefiwa, watoto wa nani wamehamia kwa bibi, nani analia hana hela na jana yake kanunua pikipiki. Karani wa sensa asingeambiwa hayo.

Kamati ya maji ilipopotelewa na pesa, wakamfuata awe mweka hazina, kisa tu lile daftari. Desemba 2014 akawa mwenyekiti wa mtaa. Mwaka uliofuata akajaribu udiwani, kura za maoni ndani ya chama zikamtupa nje. Wazee wa chama wakamshauri atulie asubiri viti maalum vya wanawake. Akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kule angepangwa na wakubwa, na yeye alitaka kupigiwa kura na hao hao anaowadai.

2020 akarudi (mnaukumbuka ule msemo wa wajumbe si watu, wale wanaopiga kura za maoni? Safari hiyo kwake walikuwa watu). Nikaandika wasifu: fundi cherehani, mweka hazina wa kamati ya maji, mwenyekiti wa mtaa. Kiongozi mmoja wa chama akauchukua, akakata "fundi cherehani" kwa kalamu nyekundu, juu yake akaandika "mjasiriamali". Semina ya siku mbili ikageuka "mafunzo ya uongozi". Nilinuna. Mwenyewe akacheka tu, na kwenye kila mkutano akajitambulisha kwa kuuliza ni nani pale ambaye nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuvaa sare aliyoishona yeye. Sikumbuki mkono kunyooshwa.

Kwa hiyo mkuu, ule wasifu haukuwa na uongo wa kumfunga mtu. Ila kilichompa kura hakikuwemo, kilifutwa kwa kalamu nyekundu.

Na kilimfaa hata baada ya kuapishwa. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata akiwa katibu. Pale yalikuwa yanapita maombi ya mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kuna siku kikundi cha vijana kilileta orodha safi kabisa, ina mihuri na picha. Akaisoma, akasimama kwenye jina moja, akauliza huyu si yuko kidato cha pili? Sare yake alikuwa ameishona Januari ile ile, na vipimo akavitaja. Kikundi kilikuwa hewa.

Hasara nayo ipo. Tangu awe diwani, wateja wengi wameacha kulipa. Wanaona posho ya halmashauri inatosha kufidia sketi zao. Mwezi uliopita nilimkuta barazani anapindisha marinda, daftari liko magotini, ukurasa wa madeni umejaa hadi pembezoni, na jina la tatu kutoka juu ni la yule aliyefuta "cherehani".