Barua kwa mwanangu: kirikuu kilichorudi nyuma

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo asubuhi kichwa kikiwa kimetulia. Namshukuru Mungu u mzima. Bampa lipo dukani.

Unaniuliza mambo mawili. Kwanza, kama kuna haja ya kuripoti polisi ile ajali ya jana, kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) kilipokurudia nyuma na kukugonga pale kwenye mwinuko wa Kimara, wakati mlishaachana kwa maelewano. Pili, utajiteteaje sasa kwamba mwenye kirikuu amegeuka, anasema wewe ndiye uliyemgonga kwa nyuma na anataka laki nne. Jana aliposhuka alikuomba samahani. Leo anajifanya hamjui aliyemwomba samahani.

Nenda polisi, tena leo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyepata ajali asimame, ajitambulishe na aripoti. Maelewano ya barabarani hayafuti hilo. Zaidi ya sheria, kuna namna watu walivyo. Nilipokuwa nakaa kwenye dawati la madai ya bima nilimwona huyu jamaa yako mara nyingi, kwa sura tofauti: jioni mpole, asubuhi ameshauriwa na wenzake kijiweni na amekuwa mwingine. Akikutangulia kituoni, maelezo yake ndiyo yatakayofungua jalada, na wewe utaitwa kujibu.

Ukifika, sema ulichokiona na ulichokifanya, kwa mpangilio: ulikuwa kwenye foleni, umesimama, mguu uko kwenye breki, kirikuu cha mbele chenye mzigo kikaanza kuondoka, kikarudi, kikakugonga. Basi. Usiseme "nadhani", na usianze kumtukana. Habari ya nani mkosaji waachie wao. Trafiki atachora ramani ya tukio. Omba uione kabla hujasaini chochote, uangalie kama magari yameelekezwa upande sahihi na kama mwinuko umeonyeshwa. Huo mwinuko ndio kesi yako yote. Ramani isiyo na mlima itakufanya wewe uonekane umemfuata.

Maana ubishi wako ni mgumu kidogo, nisikufiche. Kwa kawaida anayegonga kwa nyuma ndiye anayebebeshwa kosa, kwa kuwa alipaswa kuacha nafasi. Mwenye kirikuu analijua hilo na ndipo anapojificha. Lakini mabati yana ushahidi wake. Dereva anayemgonga mwenzake huku amekanyaga breki, pua ya gari lake huinama, na alama hukaa chini kwenye gari la mbele na juu kwenye gari lake. Gari lililosimama halijainama. Nimeikuza ile picha uliyonitumia: bodi la kirikuu limeingia sawasawa juu ya bampa, grili imepasuka katikati, boneti halijakunjika wala taa hazijaguswa. Hiyo ni alama ya kusukumwa taratibu na kitu kizito. Mwombe mkaguzi wa magari wa polisi ayapime yote mawili, urefu kutoka chini hadi kwenye alama. Vipande vya plastiki vilivyobaki kwenye lami visikusumbue. Vinaonyesha mlipogongania, havionyeshi nani alimfuata nani.

Kwa hiyo usipeleke gari kwa fundi, hata kama linakutia aibu ofisini. Likinyooshwa kabla ya kukaguliwa, umefuta maandishi yako mwenyewe.

Picha zihifadhi kwenye simu kama zilivyopigwa. Zikipita WhatsApp hupungua ubora, na taarifa za saa ya kupigwa hupotea. Kuna kitu kingine umekitaja juujuu tu ilhali kwangu ndicho kizito kuliko vyote: ule ujumbe aliokutumia jana usiku, "Dada usijali, naongea na fundi wangu akunyooshee." Mtu aliyegongwa hamtafutii fundi aliyemgonga! Usiufute, na uonyeshe kituoni ukiwa kwenye simu yenyewe, na namba yake ionekane.

Halafu rudi pale mlipogongana, saa ileile ya foleni. Bodaboda wa kile kijiwe huwa hawahami, na kirikuu kikirudi mlimani watu hupiga kelele, kwa hiyo yupo aliyegeuka akaangalia. Chukua jina na namba ya simu. Usimpe hata buku la maji. Shahidi aliyepewa kitu atakuja kukuchoma.

Trafiki akikwambia kosa ni lako na kukuandikia faini, fikiri kabla ya kulipa. Najua elfu thelathini inaonekana ni rahisi kuliko kupoteza siku nzima. Lakini ile faini hulipwa na mtu aliyekubali kosa, na risiti yake mwenye kirikuu ataipeleka mbio kwenye bima. Una haki ya kukataa na kusema utajieleza mahakamani. Sema kwa heshima, "Afande, mimi sikubali kosa hili," kisha nyamaza.

Kampuni yako ya bima nayo ipigie leo, kisha uwaandikie. Wewe una bima kubwa kwa sababu ya mkopo wa benki, hivyo gari lako litatengenezwa vyovyote vile, ila utachangia kile kiasi cha mwanzo kilichoandikwa kwenye mkataba na mwakani unaweza kukosa punguzo. Ndiyo maana inafaa kupigania jina lako. Mkosaji akionekana ni yeye, wao wataidai kampuni yake. Angalia namba ya kirikuu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kama stika yake ya bima iko hai. Wengine hutembea na stika ya mwaka juzi. Na hizo laki nne usimpe wala usimwahidi, hata kwa kumpunguzia ili akuache. Mikataba ya bima karibu yote inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila ridhaa yao. Akipiga tena, mwambie, "Kaka, suala liko polisi na bima, tuonane huko."

Kampuni ikikuzungusha, walalamikie kwa barua kwanza. Wasipokusikiliza, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Sidhani kama tutafika huko.

Kumalizana barabarani mimi sikupingi, nusu ya mikwaruzo ya Dar huisha hivyo. Siku nyingine tu kabla hamjaachana mwandikishane: majina, leseni, namba za magari, nani alimgonga nani, na sahihi zenu wote.

Mama yako anauliza kuhusu shingo. Umemwambia inakaza tangu asubuhi, mimi hukuniambia. Ukiwa kituoni omba PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hapohapo uende hospitali, kisha unitumie namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.

Baba yako