Jibu: Njia ya Mvinyo ya Alsace kwa siku moja, inawezekana?

Yote kwa siku moja hapana, ndugu. Njia hiyo inapita kwenye mashamba ya zabibu mashariki mwa Ufaransa; kutoka Marlenheim hadi Thann ni kama kilomita 170, na barabara inapita ndani ya vijiji, mwendo kilomita 50 au hata 30 kwa saa. Kama siku ni hiyo moja tu, lala mji wa Colmar, kisha chukua kipande cha Ribeauvillé, Riquewihr, Kaysersberg na Eguisheim, ndicho kitamu. Riquewihr fika kabla ya saa nne asubuhi: unaegesha nje ya kuta kwa kulipia, na mchana nafasi hupatikana kwa taabu. Wakulima wadogo wengi wanaouza mvinyo wao hufunga saa sita hadi saa nane mchana, kwa hiyo piga simu kwanza. Dereva aonje mvinyo na kuutema: kikomo cha pombe kwa dereva Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, leseni mpya 0.2. Chupa zisikae kwenye buti juani. Joto huharibu Riesling, mvinyo mweupe wa huko.