Halloween Beacon Hill: Anzeni na Upande wa Kaskazini

Msomaji wa Lowell, mji ulio kaskazini mwa Boston, ameniuliza kama awapeleke wanawe Boston kwa gari usiku wa Halloween, watoto wanapovaa mavazi ya kujigeuza na kupita mlango kwa mlango wakiomba pipi, wakaone zile nyumba za matofali mekundu na taa za gesi za Beacon Hill, mtaa wa kale wa kilimani. Kwa gari, hapana. Jioni ya Oktoba 31 mitaa kadhaa ya kilimani hufungwa ili watoto watembee, na hata siku za kawaida sehemu kubwa ya maegesho ni ya wakazi wenye kibali. Pandeni treni hadi North Station, dakika 45 hivi. Kila mtu aende haja palepale kituoni, kwani huko juu msitegemee choo. Kisha fuateni Cambridge Street kwa miguu.

Tarehe hiyo jua huzama karibu saa 11:40 jioni. Mkifika saa 10:30 mtapata saa nzima ya mwanga, nanyi mtaihitaji. Wengi huingilia Charles Street giza likishakuwa totoro, wakasukumana na umati, wakapiga picha mbili kwenye kichochoro maarufu cha Acorn Street na kurudi. Ninyi pandeni Joy Street kutoka kaskazini. Hatua chache tu mko Smith Court, ilipo African Meeting House ya mwaka 1806, jengo la kanisa la Weusi lililo kongwe kuliko yote yaliyobaki Marekani.

Magharibi kidogo, Phillips Street namba 66, ndipo walipoishi Lewis na Harriet Hayden, waliowaficha watu waliotoroka utumwa. Simameni ng'ambo ya barabara, maana watu wanaishi humo, muwasimulie watoto habari za Ellen Craft. Desemba 1848 alitoroka Georgia amejigeuza bwana wa kizungu mgonjwa: suruali, kofia ndefu, miwani ya rangi, na mkono wa kulia umefungwa bandeji ili asiombwe kutia sahihi, kwa kuwa hakujua kuandika. Mumewe William alijifanya mtumwa wake. Oktoba 1850 wasakaji walifika Boston kuwatafuta, na William akapata hifadhi katika nyumba hiyo. Nyie mnaowavisha watoto minyororo ya plastiki na kuiita vazi la kutisha, wapitisheni hapa kwanza.

Kutoka hapo shikeni West Cedar Street upande wa kushoto, mpande Pinckney hadi Louisburg Square, mshuke Mount Vernon. Hapo ndipo wenyeji hukaa vizingitini na mabakuli ya pipi. Mtoto huchukua moja, hushukuru, husogea. Nyumba isiyo na mtu wala taa mlangoni, irukeni.

Yanayoharibu jioni ni ya miguuni. Matofali ya njia za miguu yameinuliwa na mizizi ya miti, na majani yakilowa yanateleza kama sabuni. (Yana watetezi wake: mwaka 1947 jiji lilipotaka kuyang'oa West Cedar, akina mama wa mtaa walitoka na viti wakayakalia.) Viatu viwe bapa, vyenye meno. Pindo la vazi liishie juu ya kifundo cha mguu. Kinyago cha kufunika uso hukata macho ya pembeni, na taa za gesi hazimuliki sana. Pakeni rangi usoni badala yake, na tochi ndogo iwe shingoni. Kigari cha mtoto hukwama kila hatua, kwa hiyo mdogo abebwe mgongoni kwa kanga.

Usiku baridi mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Nunueni vazi kubwa kwa saizi moja ili sweta likae ndani. Koti likivaliwa juu, mtoto atalia kwamba vazi lake halionekani, na atakuwa na haki. Mikono mipana ya kitambaa cha plastiki iepukeni kabisa: maboga yenye mishumaa huwekwa kwenye ngazi, usawa wa kiwiko cha mtoto wa miaka mitano.

Mwenye mzio wa karanga asionje kitu njiani. Vipakiti vidogo mara nyingi havina orodha ya viambato, hivyo hata peremende anayoijua aiache hadi muichambue nyumbani mezani. Boga lililopakwa rangi ya buluu-kijani mlangoni maana yake hapo hutolewa pia vitu visivyo chakula, kama penseli au stika, mwelekezeni huko.