Muulize Shangazi: Watoto msituni, Uingereza na hapa kwetu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka saba, minne, na mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Tunaishi Mamboleo, Kisumu. Dada yangu anafanya kazi Uingereza na ametualika Agosti hii. Viza zimetoka na tiketi amekata. Sasa ananiambia kwamba wiki ya pili hatutakaa kwake, amekodi nyumba ya mbao huko msituni New Forest, siku nne. Tangu nimwambie mama mkwe kule Seme, hapakaliki. Anasema msitu si mahali pa kulaza watoto: kuna nyoka, kuna wanyama, na kuna mambo mengine ambayo hataki kuyataja usiku. Mume wangu naye anacheka, anauliza ni watu gani hulipa pesa kwenda kulala porini, na Kakamega iko hapo mwendo wa saa moja. Nimeanza kuingiwa na woga. Kuna wanyama gani huko? Watoto watafanya nini siku nne bila televisheni? Nibebe nini?
Mama Watatu, Kisumu

JIBU: Marahaba, Mama Watatu. Mwambie mama mkwe hayo mambo ambayo hataki kuyataja usiku yalinyimwa viza, yamebaki huku huku Seme. Mengine tuyazungumze.

Msitu huo naujua kwa miguu yangu. Binti yangu aliwahi kuishi Southampton, mji ulio pua na mdomo na New Forest, nami nilikwenda kumsaidia kulea wajukuu. Jumamosi isiyo na mvua kubwa ilikuwa ya msituni. Lakini kabla ya ubibi nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Kakamega, kwa hivyo uniwie radhi nikianza na homa kabla ya farasi.

Wewe unaogopa kitakachowapata watoto kule. Mimi naogopa kwanza watakachotoka nacho hapa. Mtoto wa Kisumu anaweza kupanda ndege mzima kabisa, vimelea vya malaria vimo mwilini, vikaamka akiwa ugenini wiki moja au mbili. Uingereza hakuna malaria, na mtu wa huko akiona mtoto ana joto na anatapika, la kwanza kumjia akilini ni mafua. Basi yeyote kati ya hao watatu akipata homa, hata kama ameshinda akirukaruka, usimpe dawa ya maumivu ukalala. Piga 111, namba ya bure ya ushauri wa afya, na neno lako la kwanza liwe hili: tumetoka Kisumu kwenye malaria, naomba mtoto apimwe damu leo. Rudia mpaka wakusikie. Akilegea, akichanganyikiwa au akipata degedege, usipitie huko, piga 999. Na kabla hamjaondoka, hakikisha dada yenu amewakatia bima ya safari yenye matibabu ndani yake.

Sasa wanyama. Simba, fisi, chui, hakuna. Nyoka mwenye sumu Uingereza nzima ni wa aina moja tu, wa jamii ya kifutu, mwenye mchoro wa zigizaga mgongoni. New Forest yupo, hupenda kuota jua kando ya vijia, na huuma akikanyagwa au akishikwa. Kifo cha mwisho kilichorekodiwa huko kwa sababu yake ni cha mwaka 1975. Sisemi umdharau: mtoto akiumwa, mtulize, asitembee, piga 999, na hakuna kufunga kamba wala kuchanja chale. Lakini ukikumbuka tunaokutana nao kwenye miwa ya Mumias, mama mkwe alale.

Wala usitarajie giza la miti kutwa nzima. Sehemu kubwa ya msitu huo ni uwanda wazi wa vichaka vifupi, na Agosti vichaka hivyo huchanua zambarau mpaka upeo wa macho. Mfalme William, yule aliyevuka bahari kutoka Normandy, aliutenga mnamo 1079 awe na mahali pa kuwindia kulungu. Kulungu bado wapo, na wenyeji bado wana haki ya kulisha mifugo humo. Ndiyo maana utakuta farasi wadogo, ng'ombe na punda wakitembea bila mchungaji, wamesimama katikati ya barabara, wamejipumzisha mbele ya maduka ya kijiji cha Burley. Wageni hudhani ni wa porini. Kila mmoja ana mwenyewe, na alama ya chuma cha moto mwilini. Tazama mkia pia: wasimamizi wa mifugo hukata nywele za mkia kwa mtindo maalum kuonyesha kwamba ada ya malisho imelipwa, na kila msimamizi ana mkato wa eneo lake. Huyo wa miaka saba mpe kazi hiyo, atafute mikato tofauti. Utapata nusu siku ya amani.

Lakini hao hao farasi ndio wanyama wa kuogopa, hasa kwa sababu wanaonekana wapole. Nilimwona mmoja kwenye uwanja wa kuegesha magari karibu na Brockenhurst. Familia imefungua buti, baba ameinama anamfunga mtoto viatu. Farasi akapitisha shingo juu ya mgongo wake, akachomoa mkate mzima na mfuko wake wa plastiki, akaanza kutafuna vyote viwili. Baba alipomsukuma, farasi akageuza makalio taratibu. Aliyekulia karibu na punda anajua kinachofuata makalio hayo, na nilimvuta mjukuu wangu kwa kola. Kuwalisha ni kosa la kutozwa faini, na kuwapapasa pia waache. Jike mwenye mtoto mzungukie mbali. Giza likianza kuingia, dada yako apunguze mwendo wa gari, maana hakuna ua kando ya barabara nyingi na mnyama mweusi humwoni mpaka umfikie. Na watoto wote watatu wawe kwenye viti vyao vya gari: sheria ya huko inataka hivyo mpaka mtoto afike miaka 12 au urefu wa sentimita 135. Habari ya kumpakata kitinda mimba kiti cha mbele iache Kondele.

Adui mwingine hana makalio. Ni kupe. Wa huko ni wadogo mno, wengine utawaona tu ukivaa miwani, nao hungoja kwenye majani marefu. Baadhi yao hubeba ugonjwa unaoitwa Lyme. Suruali ndefu, ncha zake ndani ya soksi. Jioni wakati wa kuoga, kagua nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye nywele, na hapo kwenye nywele zilizosukwa usifanye haraka. Ukimpata, chukua kile kikoleo cha kutolea nyusi, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute polepole moja kwa moja bila kumzungusha wala kumminya. Usimpake mafuta ya taa, najua ndivyo tunavyowafanyia wa ng'ombe. Ukiona baada ya siku au wiki kadhaa doa linalotanuka mahali hapo, au mtoto ana homa, daktari aambiwe habari za kupe. Hiyo ni hata mkiwa mmesharudi Kisumu.

Kuna pia jani la kuwasha, linaota kando ya njia na lina meno pembezoni. Halidhuru, ila kelele zake utazisikia.

Baada ya kukutisha hivyo, nikupe jambo la kufurahia: maji. Wewe umewalea wanao karibu na ziwa ambalo huwaruhusu kuligusa, kwa kichocho, kwa kiboko, kwa mamba, na unafanya vyema. Vijito vya New Forest havina lolote kati ya hayo. Vingi, kukiwa kukavu, havimpiti mtoto magoti, maji yake ni rangi ya strungi lakini unaona kokoto chini. Wasiyanywe, na usitoke hapo hata maji yakiwa kina cha kidole, mtoto mdogo huzama kwenye maji haba. Ila wavue viatu waingie. Wajukuu wangu walijenga boma la mawe na matope kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana kikapoa, na hakuna aliyeuliza habari ya katuni. Chini ya miti utakuta vibanda vya matawi ambavyo watoto wengine wameegemeza kwenye mashina wakaviacha. Wa miaka minne atahamia humo. Mwishoni mwa Agosti kuna matunda meusi ya miiba, yanafanana na forosadi, unachuma bure. Yale ya chini kabisa acha, mbwa wamepita. Uyoga wasiguse kabisa.

Kwa hivyo usipange ratiba. Dada yako, nawajua waliokaa huko, atakuwa na orodha: asubuhi makumbusho, mchana farasi wa kupanda, jioni baiskeli. Watoto wadogo hutembea kilomita moja kwa saa mbili kwa sababu kila kijiti lazima kiokotwe. Mwachie achague kitu kimoja kwa siku, basi. Mimi ningechagua ule mwaloni mkuu wa Knightwood karibu na Lyndhurst, una zaidi ya miaka 500, na jukwaa la kutazamia kulungu la Bolderwood. Kuingia msituni ni bure, hakuna geti.

Mizigo. Usinunue chochote kipya. Nenda soko la Kibuye Jumapili asubuhi, upande wa mitumba ya watoto, utafute koti la mvua lenye kofia kwa kila mmoja, gambuti, na sweta mbili mbili. Nyingi zimetoka huko huko, zinarudi nyumbani. Agosti ya kule mchana unaweza kufika nyuzi 20 na kitu, alfajiri ukakuta 12 na manyunyu. Kigari cha mtoto kiache kwa dada yako, magurudumu hukwama kwenye matope. Mbebe mdogo mgongoni kwa leso. Wazungu watakuangalia, kisha mmoja atakuja kuuliza unafungaje.

Beba leso nyingine mbili za madirisha. Jua la Agosti huko linazama kati ya saa mbili na saa tatu usiku, na mtoto hakubali kuambiwa ni usiku akiona mchana. Na kwa kuwa saa za huko ziko nyuma yetu kwa mbili, aliyezoea kuamka saa kumi na mbili atakuamsha saa kumi alfajiri siku za kwanza. Hilo sina dawa yake.

Mume wako kama anaota nyama choma chini ya mti, mkanye mapema: kuwasha moto ovyo kumekatazwa, vile vichaka vikikauka hushika upesi. Na swali lake la kulipa ili ulale porini, ajibiwe hivi: analipiwa.

SWALI: Shangazi, mimi sina dada Uingereza. Nina watoto wawili, miaka mitano na minane, waliozaliwa na kulelewa Nakuru, na msitu wanaoujua ni picha ya kalenda. Nataka kuwaleta Kakamega Desemba, usiku mbili. Tuanzie wapi?
Baba wa Section 58, Nakuru

JIBU: Karibuni kwetu. Desemba umechagua vizuri, mvua imepungua, ingawa msitu huu haukauki kamwe. Ni kipande cha mwisho hapa Kenya cha ile misitu mikubwa ya mvua ya Kongo, kwa hivyo watoto wako wataona miti ambayo Nakuru haipo.

Amua kwanza upande. Kaskazini ni Buyangu, hifadhi ya taifa tangu 1985, chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na ada ya kuingia unalipa mtandaoni kwa eCitizen ya serikali kabla hujafika. Kusini ni Isecheno, karibu na Shinyalu, chini ya shirika la misitu. Usijaribu zote mbili kwa safari moja na watoto, utaishia kuona lami. Kwa umri huo ningeenda Isecheno: vijia ni tambarare, na kilima cha Lirhanda wanaweza kukipanda kwa miguu yao. Humo kilimani kuna shimo la zamani la wachimba dhahabu wa miaka ya 1930, sasa lina popo. Wa miaka minane atataka kuingia. Wa mitano abaki nje na wewe.

Chukua kiongozi wa hapo, na muondoke saa kumi na mbili asubuhi, maana mvua ikija huja alasiri. Mwambie awaonyeshe mbega, wale weusi wenye manyoya marefu meupe, kisha uwaulize watoto wahesabu vidole. Mbega hana kidole gumba. Kuna pia ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi, anakimbia juu ya matawi kuliko anavyoruka, na sauti yake utaisikia kabla hujamwona.

Hapa malaria ipo, na nyinyi wa Nakuru miili yenu haijaizoea. Muone daktari juu ya dawa ya kinga kabla ya safari, na mlale kwenye chandarua. Usiku kuna baridi. Siafu wakikatiza njia, ruka, usisimame kuwapiga picha. Na ikiwa ni Jumamosi, mkasikia ngoma za isukuti na filimbi zikija barabarani upande wa Khayega, ni fahali anapelekwa kupigana. Watoto waone wakiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa.