Dar es Salaam hadi Guangzhou: kwa nini kwenda ni saa 15 na kurudi ni saa 6?

SWALI: Nauza nguo Mwanjelwa, Mbeya, na nataka kwenda Guangzhou kununua mzigo. Tiketi inaonyesha kwamba nitaondoka Dar es Salaam saa 4 usiku na kufika saa 7 mchana wa kesho yake, yaani saa 15. Kurudi naondoka saa 9 alasiri na kufika saa 3 usiku siku hiyohiyo, yaani saa 6. Je, ndege ya kurudi inakwenda kasi zaidi, au ni dunia inayozunguka chini yake?

JIBU: Ndugu msomaji, ndege ya kurudi ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji husika, na Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5, kwa kuwa Tanzania hufuata majira ya nyuzi 45 mashariki na China nzima hufuata yale ya nyuzi 120, na kila nyuzi 15 ni saa moja. Ukitoa saa 5 katika safari ya kwenda, zinabaki 10. Ukiziongeza katika safari ya kurudi, unapata 11.

Umbali kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia ni takribani kilomita 8,700. Njia hiyo huvuka Bahari ya Hindi, kusini mwa India, Ghuba ya Bengal na Myanmar. Ndege kubwa ya abiria husafiri kwa takribani kilomita 900 kwa saa, lakini mwendo huo hupimwa dhidi ya hewa inayoizunguka, wala si dhidi ya ardhi, na hapo ndipo ilipo tofauti ya saa moja iliyobaki. Katika kimo cha kilomita 10 hadi 12, upepo wa kaskazini mwa tropiki huvuma kutoka magharibi, na huwa mkali zaidi kati ya Desemba na Februari. Ukiisukuma ndege kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, njia hiyo humalizika kwa saa 9 na dakika 10 hivi. Ukiikabili kwa nguvu hiyohiyo, huchukua saa 10 na robo, kabla ya kuongeza muda wa kupaa, kushuka na kutembea uwanjani. Mzunguko wa dunia hauipunguzii ndege safari, kwa sababu hewa nayo huzunguka pamoja na dunia.

Kwa anayetokea Mbeya, ninalolisisitiza zaidi ni kipande cha kwanza. Kutoka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 700 kwa anga, mwendo wa saa moja na nusu hivi, lakini ukungu wa milimani unaweza kuichelewesha ndege. Kama tiketi zako mbili zimenunuliwa mbalimbali, shirika la pili halilazimiki kukusubiri. Kwa hiyo ondoka Songwe siku moja kabla.